Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo: mbwa wa kufundisha asigeuzwe mbwa wa kupekua

Kwa Mkuu wa Chuo,
Kwa Mlezi wa Wanafunzi,
Kwa Meneja wa Mabweni.

YAH: PROGRAMU YA ELIMU YA DAWA ZA KULEVYA KWA KUTUMIA MBWA WA POLISI MABWENINI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunawaandikia hadharani kwa sababu barua tulizopeleka ofisini zilipokelewa, zikagongwa mhuri, na safari yake ikaishia hapo. Tuseme mapema ili pasiwe na kupotoshana: hatumkatai mbwa. Ombi la kikosi cha mbwa wa polisi kuja kuzungumza na wakazi lilitoka kwetu. Tunachokikataa ni ratiba iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo, inayotaka wakazi wote waitwe ukumbini kwa lazima, milango ya vyumba iachwe bila kufungwa "kwa ukaguzi wa usafi", na hotuba ikiwa inaendelea, mbwa wa pili apitishwe koridoni. Ukaguzi wa usafi hauhitaji mbwa. Kilichoandikwa pale ni upekuzi, na wakazi wamekwishaelewa hivyo.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Elimu na upekuzi vimepangwa saa moja

Mbwa ndiye anayewavuta watu waje, lakini kazi yenyewe ni maswali. Na maswali yenye maana huwa hayapendezi masikioni: mtu akichanganya pombe na vidonge vya usingizi inakuwaje, mwenzangu amemeza kitu na sasa anakoroma ajabu, nimwache alale au nimwamshe? Hakuna atakayeuliza hayo mbele ya askari huku akijua kwamba askari mwingine yuko ghorofani ananusisha mlango wake.

Madhara hayaishii siku hiyo. Aliyezidisha dozi ya heroini au ya vidonge vya jamii ya afyuni hufa kwa kukosa pumzi: anapumua polepole, kisha kwa kukwamakwama, kisha anaacha. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Dakika hizo ndizo wenzake wa chumbani wanazotumia kubishana kama wapige simu au wasafishe chumba kwanza. Bweni lililowahi kuingiziwa mbwa kwa hila litasafisha chumba kwanza.

Pakiwa na sababu ya kweli ya kupekua, upekuzi una taratibu zake: kibali pale sheria inapokitaka, mkazi awepo, shahidi awepo, kilichochukuliwa kiandikwe na kusainiwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Florida dhidi ya Jardines, iliamua kwamba kumleta mbwa hadi kwenye mlango wa nyumba ya mtu ili anuse ni upekuzi kwa maana kamili ya katiba yao. Hatudai kwamba kila nchi ina sheria hiyo. Tunaitaja kwa kuwa jibu pekee tulilopata, tena la mdomo, ni kwamba "kunusa tu si kupekua".

2. Pua inapewa kazi isiyo yake

Mbwa hajui dawa za kulevya ni nini. Anajua harufu alizofundishwa, na anajua kwamba akiipata mojawapo atarushiwa mpira. Basi. (Halishwi dawa, wala si teja, uvumi huo bado unazunguka mabwenini, na programu nzuri huuzima dakika ya kwanza.)

Kwa kokeini, kinachomwongoza mara nyingi ni metili benzoeti, kemikali inayotokea kokeini inapokutana na unyevu wa hewa. Heroini huachia harufu ya siki. Bangi ina mchanganyiko wa harufu ambao hata pua ya binadamu huupata. Harufu hizi hubaki hata kitu chenyewe kikishaondoka: hukaa kwenye godoro, kwenye pazia, kwenye begi lililoazimwa, kwenye kabati la mkazi aliyehama muhula uliopita. Mbwa akiketi mbele ya kabati hilo hajakosea, maana harufu ipo kweli. Anayekosea ni yule anayeandika jina la mkazi wa sasa. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na hapa chuo ndicho kinachoutega.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi. Mbwa hupita kimya mbele ya kitu ambacho hakufundishwa. Pombe, dawa za hospitali zinazotumiwa vibaya, au kidonge kipya ambacho kikosi hakina sampuli yake, vyote vinaweza kuwa chini ya mto na mbwa akapita mkia ukicheza. Chuo kikitangaza baadaye kwamba bweni fulani "limekaguliwa na ni safi", kitakuwa kimewadanganya wakazi na wazazi wao.

Yupo pia anayeshika kamba. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio lililohusisha waongozaji 18 na mbwa wao. Jengo walilokagua halikuwa na dawa wala kilipuzi chochote, ila waongozaji waliaminishwa kwamba harufu huenda ipo, na baadhi ya sehemu ziliwekewa karatasi nyekundu kama alama. Kati ya kaguzi 144, ni 21 tu zilizopita bila mbwa kuripotiwa kuashiria kitu. Macho ya mwongozaji, mwendo wake, kusita kwake mbele ya mlango fulani, vyote hufika kwa mbwa. Na huko New South Wales, Australia, mapitio ya mwaka 2006 ya Ombudsman (mchunguzi huru wa malalamiko ya umma) yalikuta kwamba kiasi cha robo tu ya watu waliopekuliwa baada ya kuashiriwa na mbwa ndio waliokutwa na dawa.

Hatusemi haya kumdharau mbwa wala askari wake. Waongozaji wazuri wanayajua na huyasema wenyewe wakipewa nafasi. Wakazi nao wanapaswa kuyasikia siku ya programu, kutoka kinywani mwa askari huyohuyo. Hakuna kitakachowafanya wamwamini zaidi ya hapo.

3. Onyesho lenyewe limepangwa liharibike

Ratiba inataka wakazi wote kwa mkupuo mmoja, mchana wa jua kali, kwenye ukumbi uliopigwa deki asubuhi hiyohiyo, na mwanafunzi wa kujitolea afichiwe sampuli mfukoni ili mbwa amtafute. Karibu kila kipengele kina kasoro.

Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na akihema hivyo hanusi sawasawa, maana kunusa ni pumzi fupifupi za puani, mara 5 hivi kwa sekunde. Onyesho liwe asubuhi mapema au jioni. Feni zizimwe. Feni hubeba harufu kutoka mahali ilipofichwa sampuli na kuitua ukutani mbali nayo. Mbwa atafuata upepo, na watazamaji watacheka wakidhani ameshindwa. Sabuni kali zenye klorini zisitumike, sakafu ipigwe deki kwa maji matupu siku moja kabla. Vigae vinavyoteleza humtia mbwa wasiwasi, akaanza kuangalia miguu yake badala ya kazi. Tandikeni mkeka wa mpira pale atakapopita.

Kumfichia mwanafunzi sampuli hakufai hata kidogo. Atabaki na harufu nguoni, sampuli itakuwa imetoka mikononi mwa polisi, na wenzake watajifunza kwamba kazi ya mbwa ni kumuumbua mtu hadharani.

Onyesho linalofaa ni la maboksi. Tunalieleza kwa kirefu kwa sababu halitaki fedha, linataka kupangwa tu.

Chukueni maboksi 6 ya karatasi ngumu, ya aina moja, yote mapya, yatobolewe matundu juu. Yapangwe mstari mmoja, mita 2 kati ya boksi na boksi, mita 1 kutoka ukutani ili mbwa aweze kuzunguka. Afisa anayetunza sampuli, akiwa na glavu mpya, anaweka kopo lenye sampuli kwenye boksi mojawapo. Kopo tupu la aina ileile linaingia kwenye jingine, chakula kwenye la tatu, mpira mpya wa tenisi kwenye la nne, glavu ambazo hazijavaliwa kwenye la tano. La sita libaki tupu. Maboksi yote yashikwe na mikono ileile. Vinginevyo mbwa atachagua lile lililoguswa na mtu tofauti na hakuna atakayejua. Kisha subirini dakika 20 hadi 30 ili harufu itoke na kusambaa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa mgeni rasmi amechelewa na kila mtu ana haraka, halafu mbwa analaumiwa.

Mwongozaji asijue sampuli iko wapi. Atoke nje wakati wa kupanga. Aliyepanga naye asimame nyuma kabisa ya watazamaji na asilikazie macho boksi lile. Wakazi waambiwe wamtazame mbwa badala ya kubahatisha boksi, kwa kuwa mengi hutokea kabla hajaketi: mkia hubadilisha mwendo, mdomo hufungwa, kichwa hugeuka ghafla kana kwamba kimevutwa na uzi, anarudi hatua moja nyuma, ananusa tena kwa karibu, halafu anaketi au anaganda akikodolea tundu la boksi. Mpira urushwe papo hapo, utue karibu na boksi hilo, si mkononi mwa mwongozaji.

Raundi ya pili itumie maboksi mengine mapya, na isiwe na sampuli kabisa. Watazamaji wasiambiwe. Hiyo ndiyo raundi yenye mafunzo kuliko zote. Mbwa akiyapita yote bila kuketi, watu wameona umakini wake. Akiketi, mwongozaji ana jambo la kueleza. Kila raundi huchukua dakika 3 hadi 5, na raundi 3 zinatosha. Watazamaji wasizidi 60 kwa kikao, waketi, wasipige makofi mbwa akiwa kazini, na pawepo nafasi ya mita 3 kati yao na maboksi. Wakiwa wengi, fanyeni vikao viwili vyenye mapumziko ya nusu saa ili mbwa anywe maji na kupumzika.

4. Usalama haujaandikwa popote

Vikosi vingi vina mbwa wa kazi mbili, kunusa na kukamata. Wa kukamata amefundishwa kung'ata. Barua ya mwaliko iombe mbwa wa kunusa tu, anayeashiria kwa kuketi wala si kwa kukwaruza. Mara nyingi hawa huwa labrado au spanieli. Kumshika kuwe baada ya kazi, kwa ruhusa ya mwongozaji, mtu mmoja mmoja, bila kumwinamia usoni. Chuo kipewe nakala ya cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu au kumkwaruza, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kabla ya jambo jingine lolote, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Sampuli iletwe, itunzwe na kuondolewa na polisi peke yao. Ipimwe uzito ikitoka kituoni, ikifunguliwa na ikifungwa, na watu wawili wasaini kila mara. Pasitumike unga au vidonge vilivyokamatwa mitaani: siku hizi huweza kuchanganywa na fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, ambayo kiasi kidogo sana kikiingia mwilini kinaua, mbwa akiwemo. Kikosi chenye harufu bandia za mafunzo kinaweza kuzitumia, na kwa onyesho hazina upungufu wowote.

Wapo wenye pumu, wenye mzio wa manyoya, wanaoogopa mbwa, na wale ambao dini yao inawataka waepuke mate yake. Wasilazimishwe, wala wasitakiwe kujieleza. Viti vya nyuma karibu na mlango viwe vyao, na mazungumzo ya muuguzi yarudiwe chumba kingine bila mbwa. Vyumba vya sala, jiko na bwalo visikanyagwe na mbwa kabisa.

5. Polisi wamepewa muda wote

Ratiba ina saa moja na nusu ya hotuba za polisi. Muuguzi hayumo. Mshauri nasaha hayumo.

Viwango vya kimataifa vya kinga dhidi ya matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa na UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu) pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, vinapozungumzia programu za shuleni vinaorodhesha mambo yanayoambatana na kushindwa au hata madhara: kuhutubia badala ya kushirikisha, kutegemea vitisho, na kuwaachia polisi waendeshe programu. Mpango wa D.A.R.E., wa kuwafundisha wanafunzi wa Marekani waepuke dawa, ulioanzia Los Angeles mwaka 1983 ukiwatumia askari kama walimu, ulipimwa mara nyingi na haukuonekana kupunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Wakazi wetu si watoto wa shule, lakini mtu mzima huchoka na vitisho upesi zaidi.

Tunapendekeza dakika 60: mbwa 20, muuguzi 20, maswali na mshauri nasaha 20. Muuguzi afundishe kutambua aliyezidiwa (haamki hata akifinywa, anapumua kwa nadra, midomo inageuka bluu au kijivu, anakoroma kwa sauti ya kububujika), kupiga simu ya dharura kwanza, kumlaza ubavu ikiwa anapumua, na kutomwacha peke yake "alale apate nafuu". Aeleze pia kwamba naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa, hufanya kazi kwa dawa za jamii ya afyuni tu, na kwamba nguvu yake huweza kuisha katika dakika 30 hadi 90, kabla ya ile ya dawa iliyomezwa. Aliyezinduka lazima bado afike hospitali.

Maswali yaandikwe kwenye kadi zisizo na majina. Kila mtu apewe kadi na kila mtu aandike, hata kama ni "sina swali", ili asionekane nani aliandika na nani hakuandika.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema polisi hawapangiwi kazi. Ni kweli, lakini mgeni hufuata mwaliko. Barua ikisema "onyesho na mazungumzo ukumbini, bila ukaguzi wa vyumba", kikosi kitajua kije na mbwa gani na askari wangapi.

Mtasema asiye na la kuficha haogopi. Someni tena habari ya kabati katika hoja ya 2.

Mtasema wakazi hawatakuja bila kulazimishwa. Watakuja kumwona mbwa. Anzeni naye, na raundi ya mwisho muiweke baada ya maswali, watakaa.

Mtasema hakuna fungu. Orodha nzima ni maboksi 18, makopo, glavu, mkeka, kadi, kalamu na bakuli la maji.

Na kama hofu ni jina la chuo, ratiba ya sasa ikitekelezwa itasambaa kwenye simu za wakazi kabla mbwa hajashuka ghorofa ya kwanza.

Tunachoomba

(a) Ratiba iliyobandikwa ifutwe kwa maandishi, na tangazo jipya liseme wazi kwamba mbwa ataishia ukumbini na hatapelekwa vyumbani.

(b) Mwaliko mpya uende kwa kamanda wa kikosi angalau wiki 6 kabla, ukitaja aina ya mbwa, idadi ya raundi, utaratibu wa sampuli na jina la afisa mmoja wa chuo atakayewajibika siku hiyo. Kamati yetu ione rasimu kabla haijatumwa.

(c) Lolote litakaloulizwa ukumbini au kuandikwa kwenye kadi lisitumike katika shauri la nidhamu, na kadi zichanwe kikao kikiisha.

(d) Kanuni za mabweni ziongezewe kifungu kwamba mkazi anayeomba msaada wa dharura kwa ajili yake au mwenzake hataadhibiwa na chuo kwa kutumia au kuwa na dawa kwa matumizi yake wakati huo. Hiki ndicho kipengele tusichoweza kukiacha, hata mengine yakijadiliwa.

(e) Wasimamizi wa zamu wafundishwe huduma ya kwanza, na pale sheria inaporuhusu, naloksoni iwekwe kwenye lango la kila bweni, mahali panapojulikana na pasipofungwa usiku.

(f) Wiki 2 baada ya programu wakazi waulizwe kwa karatasi isiyo na jina: je, mwenzao akizidiwa wangepiga simu ya dharura? Matokeo yabandikwe kwenye mbao zilezile.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu barua hii itoke. Lisipokuja na ratiba ikabaki kama ilivyo, tutamwandikia kamanda wa kikosi moja kwa moja kumjulisha kwamba mwaliko huo hauna ridhaa ya wakazi, na tutaambatanisha mpango huu wa maboksi ili aone kile tulichokuwa tunamwitia.

Wenu katika kuwatumikia wakazi,

Kamati ya Wakazi wa Mabweni

Nakala: Serikali ya Wanafunzi, Zahanati ya Chuo, Ofisi ya Ushauri Nasaha